Wavuvi wa ndoano: dawa ya magugu ziwani inawaua samaki, inawafukuza, au tunaisingizia?

#1 Mshipi Mrefu
Wakuu habari. Ziwa ninalovua limepuliziwa dawa ya magugu upande wa ghuba. Boti ilipita ikimwaga juu ya gugu maji na kandokando ya matete. Majani yakawa kahawia, yakalala, mengine yakazama. Ukingo ule wa matete ndio uliokuwa ukinipa perege, na sasa chambo kinarudi kizima. Samaki waliokufa sijaona hata mmoja akielea, ndiyo maana nashindwa kuelewa. Kama ni sumu, mizoga iko wapi? Kama si sumu, samaki wako wapi? Na wachache wanaopatikana, tuwale? Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tunaoshinda kwenye maji hayo hakuna aliyetuuliza wala kutuambia kitu. Karibuni.

#2 Kambare Mkongwe
Mkuu, perege wako wamevunjiwa nyumba. Kwenye mizizi ya gugu maji inayoning'inia kuna konokono, uduvi wadogo na viluwiluwi vya wadudu. Juu kuna kivuli, ndege mla samaki haoni chini. Majani yakifa, chakula kimekwisha na maficho yamekwisha, samaki anaondoka. Tafuta ukingo wenye majani mabichi, utawakuta wamebanana huko. Huhitaji sumu kueleza jambo hili.

#3 Mchunguzi wa Maji
Tusikimbilie jibu kabla ya kujua ni dawa gani. Kuna glaifoseti, 2,4-D, daikwati, fluridoni na dawa za shaba, na kila moja ina tabia yake. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, una ukali wa moja kwa moja kwa samaki, hasa kwenye maji laini yasiyo na chokaa. Akrolini, inayotumika kwenye baadhi ya mifereji ya umwagiliaji, inaua samaki waziwazi. Glaifoseti iko mbali na hizo. Inazuia kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana. Shida yake mara nyingi ni kile kitu kama sabuni kinachochanganywa ili dawa ishike kwenye jani. Aina moja, inayojulikana kama POEA, ni hatari kwa samaki na zaidi kwa viluwiluwi vya vyura, kwa hiyo dawa zilizotengenezwa kwa matumizi ya majini hazina POEA. Mtu akichukua dawa ya shambani na kuimwaga ziwani, hapo hadithi ni nyingine kabisa.

Mleta mada, majani yalibadilika haraka au polepole? Mabua yalijipinda?

#4 Chambo Hai
Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

#5 Mama Ngalawa
Mimi naulizia usalama wa watu. Shirika la Afya Duniani lilishasema glaifoseti inaleta saratani, na Ulaya wameipiga marufuku. Kwa nini imwagwe kwenye maji ambayo watu wanayanywa na watoto wanayaoga?

#6 Mchunguzi wa Maji
Mama Ngalawa, swali lako ni la haki ila hizo taarifa mbili tuziweke sawa. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka glaifoseti kwenye kundi 2A, maana yake kuna uwezekano mkubwa kwamba inasababisha saratani kwa binadamu. Wakala huo unaangalia kama kitu kinaweza kudhuru, haupimi hatari ya kiwango ambacho mtu anakutana nacho. Mwaka 2016 jopo la pamoja la FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na shirika hilohilo la afya lilisema hatari kupitia chakula haielekei kuwepo. Na Ulaya hawakupiga marufuku: mwishoni mwa 2023 Tume ya Ulaya iliongeza kibali kwa miaka 10.

#7 Mama Ngalawa
Asante kwa ufafanuzi. Lakini umeeleza habari za chakula na vibali. Mtu anayechota ndoo jirani na boti inayopulizia, yeye nani anampimia?

#8 Mshipi Mrefu
Mchunguzi, yalibadilika haraka, wiki haikuisha. Hayakujipinda. Yalionekana kama yameunguzwa na moto.

#9 Fundi Bomba
Nimewahi kufanya kazi ya kupulizia kwenye boti, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Ukiona kuungua haraka namna hiyo, mimi nafikiria daikwati. Glaifoseti inasafiri mpaka mizizini, inachukua wiki kadhaa kumaliza kazi. 2,4-D inasokota mabua na majani. Fluridoni ni ya mimea ya chini ya maji, machipukizi yanakuwa meupe au ya waridi, na inachukua mwezi hadi miezi mitatu.

Sasa utaratibu. Lebo ya daikwati inataka upulizie theluthi hadi nusu ya eneo la maji kwa mara moja, kisha usubiri siku 14 kabla ya kuendelea. Unaanzia ukingoni unakwenda kuelekea maji mapana, ili samaki apate njia ya kutoka. Ukianzia nje ukaja ndani umemfungia mlango. Na maji ya tope usiyapoteze muda, daikwati inashikwa na udongo inakuwa haina kazi. Mshipi, boti ile ilianzia wapi?

#10 Mshipi Mrefu
Niliikuta katikati ya kazi. Nilichokiona ni kwamba ghuba yote ilikauka kwa mkupuo mmoja. Hakukuwa na kipande kilichoachwa.

#11 Tope Zito
Basi jibu ni hilo la ghuba nzima kwa mkupuo. Wakuu, naona watu wanahangaika na sumu wakati muuaji mkubwa kwenye habari hizi ni oksijeni. Mmea ukifa unaanza kuoza, na bakteria wanaouozesha wanavuta oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji. Gugu maji hekta moja likiwa limefunga vizuri lina uzito wa tani mia kadhaa likiwa bichi. Hata kama zaidi ya tisa ya kumi ni maji, kinachobaki kuoza ni kingi mno kwa ghuba isiyo na mkondo.

Ongeza joto. Maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba kama saba na nusu tu, na hapohapo joto linawafanya bakteria wafanye kazi haraka na samaki ahitaji pumzi zaidi. Ikishuka chini ya tatu, samaki wengi wanateseka. Ikishuka chini ya mbili wanaanza kufa. Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri kabla ya jua, kwa sababu usiku kucha hakuna mmea unaotengeneza oksijeni na wote waliomo wanaitumia.

Kuhusu mizoga: samaki akifa si lazima aelee mara moja. Wengi wanazama kwanza, wanapanda tumbo likijaa gesi. Kwenye maji yenye kina na baridi chini wanaweza wasipande kabisa. Na ndege, kenge na kasa wanaanza kazi mapema kuliko wewe.

#12 Kina Kirefu
#11 umeeleza vizuri ila umesahau upande mmoja. Chini ya gugu maji lililofunga oksijeni ilikuwa tayari ndogo. Jua haliingii, upepo hauchanganyi maji. Perege hawakuwa wanaishi katikati ya lile zulia, walikuwa ukingoni mwake. Wanaokaa katikati ni kambare na kamongo, kwa sababu wanapanda juu kuvuta hewa. Kwa hiyo kuna uwezekano kwamba baada ya kuoza kwisha, ghuba itakuwa na hewa nzuri kuliko kabla ya dawa.

#13 Kambare Mkongwe
Ndiyo maana siku zote nawaambia mvue kambare. Dawa ije, oksijeni iende, yeye yupo.

#14 Chambo Hai
Mzee wewe hata uzi uwe wa kurekebisha injini utamaliza na kambare. 😂

#15 Kambare Mkongwe
Injini inaharibika, kambare haharibiki. Haya turudi kwenye mada.

#16 Matete
Nina kisa cha bwawa ninalovua. Walipulizia mimea ya chini ya maji, ile laini inayonasa ndoano. Mara ya kwanza wavuvi walifurahi, maji yakawa wazi, unarusha popote. Wiki za mwanzo samaki wawindaji walikula sana pembezoni, kwa sababu vitoto vya perege vilikuwa vimekosa pa kujificha. Tulisifia dawa. Kisha maji yakawa ya kijani kama supu ya mlenda, mwani ukatawala, na mpaka leo hauwezi kuona mkono wako ukiuzamisha. Mimea haijarudi, na samaki wa kuwinda kwa macho wamepungua.

#17 Tope Zito
Matete, ulichoona kinajulikana. Mimea ilikuwa imeshikilia fosforasi na naitrojeni. Ikioza, virutubisho vinarudi majini na mwani ndio wa kwanza kuvidaka. Mwani ukitanda, mwanga haufiki chini, kwa hiyo mbegu za mimea haziwezi kuanza tena. Ziwa dogo la kina kifupi linaweza kukaa katika hali mojawapo kati ya hizo mbili, maji angavu yenye mimea au maji ya tope yenye mwani, na kulirudisha ni kazi kubwa.

#18 Jirani wa Ziwa
Nawasoma wote mnalaumu dawa. Mmewahi kuishi na gugu maji? Kwenye hali nzuri linazidisha eneo lake mara mbili ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka zaidi ya 15 zikisubiri. Ziwa Victoria miaka ya 1990 lilifunga ghuba na mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, nyavu zikabebwa na zulia la majani, mabomba ya kuvuta maji yakaziba. Mvuvi wa ndoano anayesema "waacheni magugu, ni nyumba ya samaki" aende akakae mwaloni kwenye mtumbwi usiotoka.

#19 Mama Ngalawa
Jirani, umegusa palepale nilipotaka kufika. Victoria hawakulimaliza kwa dawa. Kulikuwa na mvutano mkubwa kuhusu dawa miaka ile, watu wakihofia maji na soko la samaki. Walileta mbawakavu wadogo wa jamii ya Neochetina kutoka asili ya mmea huo, Amerika Kusini, wakawaachia kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Hadi kufikia 2000 gugu lilikuwa limeporomoka. Wadudu walifanya kazi, hakuna aliyemwaga sumu ziwa zima.

#20 Kina Kirefu
Hapo kwa wadudu pana ubishi wa wanasayansi wenyewe. Wengine wanasema ni mbawakavu. Wengine wanasema ni El Niño ya 1997/98: mvua kubwa, mawingu yaliyopunguza mwanga, maji kupanda na mawimbi kuvunja mazulia. Na wapo wanaosema mbawakavu walilidhoofisha kwanza, mawimbi yakamalizia. Halafu gugu lilirudi tena baadaye, kwa hiyo anayesema "lilimalizwa" aseme lilipungua.

#21 Mama Ngalawa
Sawa, lilipungua. Bado ni bila dawa.

#22 Fundi Bomba
Wadudu nawakubali, lakini wanataka subira ya miaka, na ukipulizia dawa kila kona umewaua njaa hao wadudu. Ndiyo maana mambo mawili haya yanagombana. Bwawa la Hartbeespoort kule Afrika Kusini walipulizia glaifoseti kwa miaka mingi na gugu likarudi kila mara. Baadaye Chuo Kikuu cha Rhodes kilisimamia ufugaji na uachiaji mkubwa wa mdudu mwingine, Megamelus scutellaris, na eneo lililofunikwa likapungua sana. Sharti lilikuwa kuwaachia kwa wingi tena na tena, kwa sababu baridi ya majira inawarudisha nyuma.

#23 Chambo Hai
Na samaki mla majani je? Nimesikia kuna samaki aina ya kapu (carp) anayekula majani kama ng'ombe.

#24 Mchunguzi wa Maji
Yupo, anaitwa Ctenopharyngodon idella, asili yake Asia ya Mashariki. Anapenda mimea laini ya chini ya maji. Gugu maji hatalimaliza. Wengi wakiwekwa wanafyeka kila kitu, pamoja na mimea ya asili ambayo samaki wengine wanaitegemea, na unaishia kwenye maji ya mwani aliyoyaeleza Matete. Sehemu nyingi za Marekani wanaruhusu tu wale waliofanywa tasa ili wasizaliane.

#25 Matete
Mashine ya kuvuna je? Inakata na kubeba, hakuna kinachooza majini.

#26 Fundi Bomba
Inabeba pia vitoto vya samaki waliomo ndani ya majani, wakati mwingine wengi kuliko ungetegemea. Na kwa mimea kama haidrila, gugu la chini ya maji, kila kipande kinachokatika kinaweza kuota mahali pengine. Kwa gugu maji ukingoni mashine ni nzuri, kama kuna mahali pa kumwaga hizo tani.

#27 Mshipi Mrefu
Nawashukuru wote. Naomba nirudishe swali moja: kuna mahali wavuvi walisikilizwa?

#28 Jirani wa Ziwa
Florida, Marekani. Wavuvi wa ndoano kule walipiga kelele miaka mingi kuhusu dawa kwenye maziwa kama Okeechobee. Hoja yao kubwa ilikuwa hii unayoisema: makazi ya samaki yanakufa na tope la majani yaliyooza linajaa chini, samaki wanakosa mahali pagumu pa kutagia. Januari 2019 tume ya serikali ya samaki na wanyamapori ilisimamisha upuliziaji kwa muda, ikaitisha mikutano ya kusikiliza watu, na Machi ikaendelea tena ikiahidi marekebisho. Upande wa tume walisema wakiacha kabisa, gugu maji na haidrila vitafunga njia za maji na kuua mimea ya asili, na wakisubiri mpaka vitande watahitaji dawa nyingi zaidi baadaye. Wavuvi wengi hawakuridhika mpaka leo.

#29 Tope Zito
Hoja ya "dawa kidogo mapema kuliko dawa nyingi baadaye" mimi naikubali kwa sababu ya oksijeni. Kinachooza kidogo hakiwezi kunyonya ghuba nzima.

#30 Mama Ngalawa
Mimi siikubali. "Kidogo kidogo" ya kila mwaka inamaanisha tope jipya kila mwaka. Na haidrila ya Florida ilishakuwa sugu kwa fluridoni baada ya kutumiwa mfululizo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mmea unazoea, wanaongeza dawa nyingine juu yake. Na hakuna anayegusa mbolea ya mashamba na maji taka yanayoingia ziwani na kulisha hayo magugu.

#31 Jirani wa Ziwa
Kwa mbolea na maji taka niko na wewe. Ila hata ukiziba leo, fosforasi iliyolala kwenye tope itaendelea kutoka kwa miaka. Mialo inahitaji kufunguka mwezi huu.

#32 Mchunguzi wa Maji
Nimefikiria tena majani ya Mshipi kuungua haraka. Kama kweli ni daikwati, kuna jambo hatujaligusa. Kwa kipimo cha lebo samaki wakubwa wengi wanaivumilia, lakini vijidudu fulani vya jamii ya uduvi wa maji baridi, kama Hyalella azteca, ni dhaifu mno kwake. Perege mkubwa anakula mwani na vitu vingi, lakini vitoto vyake vinategemea vijidudu. Kwa hiyo samaki anaweza kuwa mzima wa afya na bado akahama kwa sababu meza imeondolewa. Hapo Kambare Mkongwe (#2) atakuwa sahihi kwa njia ambayo hakuitaja.

#33 Kambare Mkongwe
Nilisema tangu mwanzo. 😄

#34 Kina Kirefu
Au hakuna hata kimoja. Perege wanahama kufuata joto na kina cha maji kila majira. Kama upuliziaji umeangukia wakati ambao wangehama hata hivyo, tutailaumu boti bure. Kuna mtu anayevua ghuba ya jirani isiyopuliziwa? Kule wapo?

#35 Mshipi Mrefu
Ghuba ya jirani wapo, ila wadogo. Na nilipokwenda alfajiri kwenye ile iliyopuliziwa nilikuta samaki wakivuta hewa juu ya maji. Wengi kambare, na perege wakubwa wachache wakiwa wamelegea.

#36 Tope Zito
Perege kuvuta hewa juu alfajiri, na wakubwa ndio waliolegea? Hiyo ni oksijeni. Hewa ikipungua wakubwa wanaumia kwanza. Sumu kwa kawaida inaanza na wadogo.

#37 Mchunguzi wa Maji
Kawaida ndiyo, si sheria. Na wadogo wako ghuba ya jirani, kwa hiyo hatujui waliondoka wazima au wengine walibaki wakafa wakaliwa. Pata kipimo cha oksijeni, hata cha kuazima kwa mfuga samaki. Pima kabla ya jua na pima tena mchana, juu na karibu na tope. Pima ghuba zote mbili.

#38 Mama Ngalawa
Na kuhusu kula, mbona hakuna aliyejibu?

#39 Mchunguzi wa Maji
Glaifoseti na 2,4-D hazijilimbikizi kwenye mafuta ya samaki kama DDT, ile dawa ya zamani ya wadudu, ilivyokuwa. Daikwati inashikwa na udongo na kukaa huko. Shaba haiozi, inabaki kwenye tope. Samaki uliyemkuta amekufa au anayumba usimle, hata kama hujui kilichomuua. Kwa maji ya kunywa na kumwagilia, lebo zina siku za kusubiri zinazotofautiana kwa dawa na kipimo, ndiyo maana jina la dawa ni haki ya kila anayechota hapo.

#40 Fundi Bomba
Mshipi, usiende kuuliza "mnatuua?" Utajibiwa hapana na mazungumzo yatakwisha. Uliza jina la dawa na la kile kitu cha kunatisha, kipimo, eneo lililopuliziwa kwa siku moja, walianzia wapi, na kama walipima oksijeni kabla. Anayefanya kazi vizuri ana karatasi ya hayo yote. Nimefanya kazi na watu wenye karatasi hizo na nimefanya na wasiokuwa nazo, tofauti inaonekana kwenye maji.

#41 Jirani wa Ziwa
Na waambie waache ukanda wa matete. Matete ya asili hayana kosa, gugu maji ndilo lililowaleta.

#42 Fundi Bomba
Ukanda wa matete ndio mgumu, Jirani. Gugu linajipenyeza katikati ya mabua, na bomba la boti halichagui. Pale inabidi mtu ashuke ang'oe kwa mkono, na mwenye kazi hataki kulipia saa hizo.

#43 Matete
Wavuvi tunaweza kung'oa. Bwawa letu tungekubali kama tungeulizwa.

#44 Kina Kirefu
Mng'oe mkavitupe wapi? Mkiviacha ukingoni mvua ya kwanza inavirudisha majini, na virutubisho vyake pia. Mshipi, ukipata kipimo weka namba hapa, za ghuba zote mbili, na useme kina.